Maandishi ya Kijapani kwenye kivinjari: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanaosoma kurasa za Kijapani na wanaozitengeneza. Maswali yana namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwa jingine.

## A. Mwanzo

1. Ukurasa wa Kijapani unaonekana vibaya. Nianzie wapi?

Tazama kwanza uharibifu wenyewe, kabla hujagusa mpangilio wowote. Maandishi ya Kijapani huharibika kwa namna tatu, na dawa ya moja haiponyi nyingine.

Namna ya kwanza ni visanduku vitupu: □□□. Kivinjari kimezielewa herufi vizuri kabisa, ila kifaa hakina fonti yenye maumbo yake. Nenda swali la 4.

Ya pili ni vurugu: herufi za Kilatini zenye vialama (æ—¥), kanji (herufi za Kijapani zenye asili ya Kichina) nzito zisizounda neno lolote, au almasi nyeusi zenye alama ya kuuliza ndani. Hapa fonti haihusiki. Kivinjari kimezisoma baiti kwa usimbaji (kanuni ya kuandika herufi kama baiti) usio wake. Nenda swali la 7.

Ya tatu huonekana na anayesoma Kijapani tu: maneno yanasomeka, lakini baadhi ya kanji zina umbo la Kichina. Nenda swali la 14.

Kosa linalorudiwa kuliko yote ni kusakinisha fonti tatu nne ili kutibu namna ya pili. Hata ukiwa na fonti zote za dunia, æ—¥ itabaki æ—¥.

2. "Mojibake" ni nini?

Ni jina la Kijapani la vurugu iliyotajwa hapo juu: 文字化け. *Moji* ni herufi, na *bake* inatokana na kitenzi cha kugeuka sura. Neno hili limeenea katika lugha nyingi, nasi tunalitumia hivyo hivyo. Visanduku vitupu navyo vina jina la utani, "tofu", kwa kuwa vinafanana na vipande vya tofu.

3. Mbona Kiswahili kwenye ukurasa huo huo kiko salama?

Kwa sababu herufi za Kiswahili zote zimo ndani ya ASCII (seti ya msingi ya herufi za Kilatini), na baiti za ASCII kwa kawaida hazibadiliki katika Shift_JIS, EUC-JP wala UTF-8. Ukurasa wa Kiswahili unaweza kutangaza usimbaji usio sahihi miaka kumi bila mtu kugundua. Weka neno moja la Kijapani, na kosa linajitokeza papo hapo.

Kijapani kilipata kiwango chake cha kwanza cha kanji za kompyuta mwaka 1978, kinachojulikana leo kama JIS X 0208. Orodha ya herufi ilikuwa moja, lakini njia za kuziandika kama baiti zikawa tatu: Shift_JIS kwenye kompyuta binafsi, EUC-JP kwenye mifumo ya Unix, na ISO-2022-JP kwenye barua pepe. UTF-8 ilikuja baadaye. Kwa hiyo kurasa za zamani zinaweza kuwa na usimbaji wowote kati ya hizo nne.

## B. Visanduku vitupu: fonti

4. Nafanyaje kwenye Windows, Mac na simu?

Kwenye Windows 10 na 11, Yu Gothic na MS Gothic zipo tangu mwanzo, kwa hiyo visanduku ni nadra. Kinachokosekana mara nyingi ni Meiryo, MS Mincho na Yu Mincho. Fungua Settings, andika "Optional features" kwenye sehemu ya kutafutia, kisha ongeza "Japanese Supplemental Fonts". Funga kivinjari chote, si kichupo tu, ukifungue upya.

Mac na iPhone zina fonti za Hiragino tayari. Simu za Android hutumia Noto Sans CJK. Ukiona visanduku vingi kwenye simu, shuku kwanza fonti iliyoletwa na ukurasa wenyewe (swali la 18).

5. Na kwenye Linux?

Hapa ndipo visanduku huonekana zaidi, hasa kwenye usakinishaji mdogo na kwenye seva zinazopiga picha za kurasa au kutoa PDF kwa kutumia kivinjari kisicho na dirisha. Kwanza hakikisha:

`fc-list :lang=ja`

Jibu likiwa tupu, huna fonti hata moja ya Kijapani. Kwenye Debian na Ubuntu sakinisha `fonts-noto-cjk`. Kwenye Arch ni `noto-fonts-cjk`. Kisha endesha `fc-cache -f` na uanzishe kivinjari upya. Picha za kontena zinahitaji hatua hiyo hiyo ndani ya kontena. Fonti za mashine mama hazionekani humo.

Ukimaliza, endesha `fc-match sans:lang=ja`. Ikijibu fonti yenye "JP" kwenye jina, umefika. Ikijibu yenye "SC", utakutana na tatizo la swali la 14.

6. Maandishi yote ni mazima isipokuwa herufi moja. Kwa nini?

Herufi hiyo ni mpya au adimu kuliko fonti yako. Mfano mzuri ni ㋿, alama ya zama za Reiwa, iliyoingia Unicode 12.1 mnamo Mei 2019: fonti yoyote ya kabla ya hapo itaonyesha kisanduku. Mfano mwingine ni 𠮷 (U+20BB7), namna ya kuandika 吉 inayopatikana kwenye majina ya ukoo. Sasisha fonti. Ikiwa 𠮷 inapotea hata kwenye fonti mpya, huenda hifadhidata ndiyo iliyoimeza. Tazama swali la 20.

## C. Vurugu: usimbaji

7. Naweza kuutambua usimbaji kwa kuitazama vurugu?

Ndiyo, na ni ujuzi unaookoa muda mwingi. Chukua neno 日本語. Hivi ndivyo baiti zake zinavyoonekana zikisomwa kwa windows-1252, usimbaji wa Ulaya Magharibi:

- UTF-8, baiti E6 97 A5 E6 9C AC E8 AA 9E: `日本語`
- Shift_JIS, baiti 93 FA 96 7B 8C EA: `“ú–{Œê`
- EUC-JP, baiti C6 FC CB DC B8 EC: `ÆüËܸì`

Angalia urefu. UTF-8 hutumia baiti tatu kwa kila herufi ya kawaida ya Kijapani, kwa hiyo herufi tatu zimezaa alama tisa. Nyingine mbili zimezaa sita. Angalia pia mwanzo wa kila kundi. Hiragana na katakana za kawaida (herufi za sauti, kwa pamoja kana) katika UTF-8 huanza na baiti E3, yaani "ã". Ukurasa uliojaa "ã" kila baada ya alama mbili ni UTF-8, bila shaka. Shift_JIS hujitambulisha kwa alama za nukuu zilizopinda na "ƒ" nyingi, kwa kuwa katakana zake huanza na baiti 83.

Kinyume chake kipo pia. UTF-8 ikisomwa kama Shift_JIS, hutoa kanji 縺, 繧 na 繝 zikijirudia mstari baada ya mstari. Hizo ni baiti E3 81, E3 82 na E3 83, yaani mianzo ya kana. Anayeona 縺 nyingi hahitaji kupima kitu kingine. Shift_JIS ikisomwa kama UTF-8, huleta almasi za � tupu zilizochanganyika na herufi chache za Kilatini.

Kujua kivinjari kinaamini nini, fungua koni ya wasanidi (F12) na uandike `document.characterSet`. Jibu ni jina moja, kwa mfano `windows-1252`. Linganisha na unachokiona, na utajua pande zote mbili za kosa.

8. Mimi ni msomaji tu, ukurasa si wangu. Nakilazimishaje kivinjari?

Kwenye Firefox bonyeza Alt ili menyu itokee, kisha View, halafu "Repair Text Encoding". Firefox itachunguza baiti na kukisia upya. Kipengele kikiwa kimefifia, Firefox imeona hakitasaidia. Safari bado ina orodha ya "Text Encoding" ndani ya View, nawe unachagua mwenyewe.

Chrome iliondoa menyu hiyo katika toleo la 55, mwaka 2016. Kuna viongezi vinavyoirudisha, lakini vingi huomba ruhusa ya kusoma kila ukurasa unaofungua, na hiyo ni bei kubwa mno kwa kazi hii. Ni afadhali kufungua ukurasa huo mmoja kwa Firefox, au kuupakua na kuugeuza:

`curl -o ukurasa.html ANWANI`
`nkf --guess ukurasa.html`
`nkf -w ukurasa.html > ukurasa-utf8.html`

`nkf` ni programu ya kugeuza usimbaji wa Kijapani: amri ya pili inakisia usimbaji, ya tatu inageuza kuwa UTF-8. Kwa faili fupi sana ukisio unaweza kukosea, kwa hiyo lisome tokeo kabla ya kuliamini. Tangazo la `charset` ndani ya faili halibadilishwi na `nkf`. Lirekebishe kwa mkono, la sivyo utarudi palepale.

9. Naona � au ????. Maandishi yanaweza kuokolewa?

Inategemea kilichomo ndani ya faili, si kilichoko kwenye skrini. Kama � imezaliwa wakati wa kuonyesha tu, baiti asilia zingali salama, na usimbaji sahihi utazirudisha. Hatari ni mtu kufungua faili akiwa na mwonekano huo na kulihifadhi. Hapo kila almasi inaandikwa kama baiti EF BF BD, na kilichokuwepo kimekwenda. Pima kwa `xxd faili | head`, amri inayoonyesha baiti zenyewe. Ukikuta `efbf bd` zimejaa, tafuta nakala ya akiba. Alama `�` kwenye ukurasa ni baiti hizo hizo zilizosomwa vibaya mara ya pili, nazo hazitibiki.

Alama za kuuliza za kawaida, moja kwa kila herufi, ni mbaya vilevile. Programu fulani iligeuza maandishi kwenda usimbaji usio na Kijapani, ikakosa pa kuziweka herufi, ikaandika 3F badala yake.

10. Natengeneza ukurasa. Niandike nini?

Hifadhi faili kwa UTF-8, na uweke mstari huu kabla ya kitu kingine chochote ndani ya `head`:

`<meta charset="utf-8">`

Ni lazima uwe ndani ya baiti 1024 za mwanzo wa faili. Maelezo marefu au hati zilizotangulia zinaweza kuusukuma nje ya mpaka huo, na kichwa cha ukurasa kikiwa na Kijapani nacho kije baada yake. Kwenye `html` weka `lang="ja"` (sababu iko swali la 14). Usianzishe ukurasa mpya kwa Shift_JIS. Kiwango cha sasa cha HTML hakikubali usimbaji mwingine zaidi ya UTF-8 kwa kurasa mpya, ingawa vivinjari vinaendelea kusoma za zamani.

11. Nimeweka `meta charset` na bado ni vurugu.

Kuna mamlaka yaliyo juu ya mstari wako. Kivinjari hufuata ngazi hii: alama ya BOM (baiti chache zinazotambulisha usimbaji) mwanzoni mwa faili hushinda vyote, kisha kichwa cha HTTP cha `Content-Type`, na mwisho kabisa ndiyo `meta`. Tazama seva inasema nini:

`curl -I ANWANI`

Ukiona `charset=iso-8859-1` au `charset=UTF-8` wakati faili ni Shift_JIS, umempata mkosaji. Kwenye Apache ni agizo la `AddDefaultCharset`. Kwenye nginx ni `charset`. Kwenye PHP ni `default_charset`. Kama huwezi kugeuza tovuti nzima leo, folda ya kurasa za zamani inaweza kupewa `.htaccess` yenye `AddCharset Shift_JIS .html`, mradi mwenye seva ameruhusu.

Uwezekano wa pili: tangazo ni sahihi, ila kihariri chako kimehifadhi faili kwa usimbaji mwingine. Tangazo haligeuzi baiti. `xxd` haidanganyi: 日本語 ikianza na `e697 a5` ni UTF-8, ikianza na `93fa` ni Shift_JIS.

12. Nageuza tovuti ya zamani kutoka Shift_JIS kwenda UTF-8. Nijihadhari na nini?

Tumia CP932 kama jina la chanzo, si SHIFT_JIS:

`iconv -f CP932 -t UTF-8 zamani.html > mpya.html`

Kurasa zinazojiita Shift_JIS, kwa vitendo, ni toleo la Windows lenye nyongeza kama ① na ㈱. Hizo hazimo ndani ya JIS X 0208, na `iconv -f SHIFT_JIS` itakwama hapo hapo. Vivinjari vyenyewe huchukulia lebo ya `shift_jis` kama toleo hilo la Windows.

Jambo la pili ni wimbi, 〜. CP932 hulipeleka U+FF5E, ilhali jedwali asilia la JIS hulipeleka U+301C. Kwa macho vinakaribia kufanana, lakini kwenye utafutaji ni herufi mbili tofauti. Mtu akitafuta 10〜20 hapati kitu, na hakuna anayejua kwa nini. Chagua moja na ulinganishe data yote.

La tatu ni herufi ambazo baiti yake ya pili ni 5C, sawa na mkwaju wa kurudi nyuma: 表 (95 5C), ソ (83 5C), 能 (94 5C), 十 (8F 5C). Programu zisizojua Shift_JIS hudhani 5C ni alama ya kukwepa na kuila, na herufi zinazofuata huweza kuvurugika. Wasanidi wa zamani waliongeza `\` ya ziada baada ya herufi hizo kama kinga. Baada ya kugeuza, tafuta `表\` na `ソ\` uzisafishe, la sivyo mikwaju hiyo itaonekana kwa wasomaji.

13. Mkwaju wa kurudi nyuma unaonekana kama ¥.

Data iko sawa. Katika kiwango cha zamani cha Kijapani baiti 5C ilikuwa alama ya yen, na fonti kama MS Gothic na Meiryo bado huchora ¥ mahali pa `\`. Kwenye vipande vya msimbo taja fonti ya Kilatini kwanza, kwa mfano `font-family: Consolas, monospace`. Usibadilishe `\` kuwa herufi nyingine.

## D. Umbo la kanji

14. Msomaji Mjapani anasema kanji zangu ni za Kichina. Mimi sioni kosa.

Yuko sahihi. Unicode ilizipa kanji za Kijapani, Kichina na Kikorea namba moja pale zilipokuwa na asili moja, na umbo likaachiwa fonti. 直 ni U+76F4 kokote. Kwenye fonti ya Kijapani ina mstari uliopinda kama L kushoto chini. Kwenye fonti ya Kichina rahisi mstari huo haupo. 骨, 刃 na 誤 hubadilika vivyo hivyo. Kwa Mjapani ni kama kitabu kilichochanganya chapa mbili ndani ya neno moja: kinasomeka, lakini kinachosha na kinaonyesha kutojali.

Tiba ni `lang="ja"`. Ukurasa ukiwa wa Kiswahili wenye nukuu za Kijapani, weka kwenye kipande tu: `<span lang="ja">直</span>`. Zaidi ya hapo, taja fonti za Kijapani kwa majina:

`font-family: "Hiragino Sans", "Yu Gothic", "Noto Sans CJK JP", sans-serif;`

Kama wewe ni msomaji na ukurasa haukutaja lugha, ingia `chrome://settings/languages` na upandishe Kijapani juu ya Kichina. Kwenye Linux tazama `fc-match` ya swali la 5.

15. Jina la mtu au la mji linahitaji umbo maalumu la kanji. Inawezekana?

Inawezekana, kwa kuongeza kichagua umbo baada ya kanji, kama U+E0100 au U+E0101. Mfano unaojulikana ni 葛: wilaya ya 葛飾区 ya Tokyo hutumia umbo lenye 人 ndani, na mji wa 葛城市 mkoani Nara hutumia lenye ヒ. Kiwango cha JIS cha 2004 kilibadilisha umbo la mfano la herufi 168, hii ikiwemo, pamoja na 辻. Ndiyo maana kompyuta za kabla ya Windows Vista na za baadaye zilionyesha jina moja kwa sura mbili.

Fonti lazima iunge mkono vichagua umbo, na fomu zako zisivifute. Jina la mtu ni lake. Lijaribu kwenye simu na kompyuta kabla ya kulichapisha.

## E. Mpangilio wa ukurasa

16. Naandikaje furigana (kana ndogo zinazoonyesha matamshi ya kanji)?

`<ruby>漢字<rp>（</rp><rt>かんじ</rt><rp>）</rp></ruby>`. Sehemu za `rp` huonekana tu pale ambapo ruby haifanyi kazi. Ongeza `line-height` hadi karibu 2, la sivyo mistari yenye furigana itaachana kuliko mingine.

17. Maandishi ya wima, na mistari inayokatika vibaya?

Kwa wima tumia `writing-mode: vertical-rl`. Namba za tarakimu mbili hulala ubavu. Zisimamishe kwa `text-combine-upright: all` kwenye `span` yake. Kwa mistari, `line-break: strict` huzuia ー na kana ndogo kama ゃ kuanza mstari. Usitumie `word-break: keep-all` kwenye aya za Kijapani: Kijapani hakina nafasi kati ya maneno, na mstari utatoka nje ya skrini. Achana pia na maandishi ya mlalo-mshazari. Fonti za Kijapani hazina umbo hilo, kivinjari huzipindisha tu kwa nguvu. Tumia uzito au rangi.

18. Fonti ya wavuti ya Kijapani ni nzito mno.

Ni kweli: maelfu ya kanji hufanya faili la megabaiti kadhaa. Google Fonts huikata fonti ya Kijapani vipande zaidi ya 100 kwa `unicode-range`, na kivinjari hupakua vile tu vyenye herufi za ukurasa huo. Ukikata mwenyewe kwa herufi chache za kichwa, kumbuka kwamba kichwa kipya kitaleta herufi zisizomo, nazo zitachorwa kwa fonti tofauti. Daima weka `font-display: swap`, na uache fonti za mfumo mwishoni mwa orodha.

## F. Kesi za pembeni

19. Ukurasa ni mzima, lakini jina la faili nililopakua limeharibika.

Mwenye seva atume kichwa hiki: `Content-Disposition: attachment; filename*=UTF-8''%E6%97%A5%E6%9C%AC%E8%AA%9E.pdf`. Majina yaliyo ndani ya ZIP kutoka Windows ya Kijapani mara nyingi ni CP932. Kwenye Ubuntu fungua kwa `unzip -O CP932 faili.zip`.

Ukiona が imeachana na vidoti vyake, jina limetoka Mac, ambako herufi huweza kuvunjwa kuwa か na U+3099. Liunge tena: `convmv -f utf-8 -t utf-8 --nfc --notest -r folda`.

20. Hifadhidata yangu ya MySQL inarudisha vurugu, au inakata jina kwenye 𠮷.

Kukatwa kwenye 𠮷 ni `utf8` ya MySQL, ambayo huishia baiti tatu. Herufi hiyo inahitaji nne. Hamia `utf8mb4`, kwenye jedwali na kwenye muunganisho pia.

Vurugu ya "ã" mara nyingi ni UTF-8 iliyoingizwa kwenye safu ya `latin1`. Chukua nakala ya akiba kwanza. Geuza safu iwe `BLOB`, kisha `TEXT CHARACTER SET utf8mb4`. Kupitia BLOB kunazuia MySQL kuzibadilisha baiti. Ukijaribu kutibu kwa Python kwa `encode('cp1252')`, itakwama hata kwenye herufi ya kawaida kama あ, kwa sababu baiti yake ya pili ni 81, na Python haina herufi ya 81 katika cp1252.

21. Naona `$BF|K\8l(B`. Hii ni nini?

Ni 日本語 kwa ISO-2022-JP, iliyopoteza baiti ya ESC (1B) kabla ya `$B` na kabla ya `(B`. Huonekana kwenye kumbukumbu za zamani za barua pepe, pale programu ilipofuta alama zisizoonekana. Rudisha 1B mahali hapo kwa kihariri cha baiti, kisha `nkf -w`. Usiweke ESC kwa kutafuta na kubadilisha faili zima bila kutazama: `$B` inaweza kuwa sehemu ya maandishi ya kawaida.